Marafiki Wakipanga Nyumba Moja: Undugu ni Mzuri, Mkataba ni Lazima

Mzazi wa Keza anapomwaga kijana wake anayekwenda kutafuta maisha mjini, mzigo huwa tayari tangu usiku: maharage kwenye kiroba, mkungu wa ndizi, shuka mbili, mswala na ndoo. Kabla gari halijaondoka, mama huuliza swali moja: “Utakaa na nani huko?” Kijana hujibu: “Nitakaa na wenzangu, mama. Tumepanga pamoja.” Mama husema Alhamdulillahi, kwa kuwa mwanawe hatakuwa peke yake ugenini, na gari huondoka.

Ndugu msomaji, jawabu hilo huutuliza moyo, lakini huacha mambo matatu hayajulikani. Jina la nani limeandikwa kwenye mkataba wa nyumba? Mmoja wao akiondoka kabla ya muda, nani atabeba kodi yake? Na moto ukizuka usiku, watatokea wapi? Makala haya yanawahusu wazazi ambao watoto wao wanaishi kwa kushirikiana vyumba katika Ngara mjini, Kabanga mpakani, Rusumo, Nyakanazi, Mwanza au ng’ambo, na yanawahusu vijana wenyewe.

Mfano wa vijana watatu

Tuwachukue vijana watatu kwa mfano. Wamekua pamoja, wamesoma madrasa moja, na sasa wamepata vibarua mjini. Wanakubaliana kupanga chumba na sebule kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 360,000. Kila mmoja anatoa shilingi 120,000. Siku ya kusaini, wawili wako kazini, hivyo anasaini mmoja tu. Wanacheka na kusema: “Sisi ni ndugu, karatasi ya nini?”

Mwezi wa tatu ukiisha, mmoja anapata kazi mbali na anataka kuhama. Anadai arudishiwe shilingi 60,000 za miezi mitatu ambayo hatalala pale. Wenzake hawana fedha hizo, kwa sababu ziko kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye anasema hamtambui aliyehama, kwa kuwa jina lake halimo kwenye karatasi. Wa pili anamleta binamu yake akae pale “kwa siku chache”, na siku zinageuka wiki nne. Umeme wa LUKU unakwisha kila siku ya pili, na kila mmoja anadai kwamba yeye ndiye aliyenunua mara ya mwisho.

Katika kisa hiki hakuna mwizi wala mwongo. Wote watatu ni vijana wema, na kila mmoja anaamini kwamba haki iko upande wake. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa ugomvi wa watu wema hauna wa kuutuliza, nao husafiri hadi nyumbani. Baada ya muda mfupi utasikia wazazi wao huko Keza hawatembeleani tena, na hata kwenye walima mmoja hukaa mbali na mwenzake.

Sheria ya nchi inasemaje?

Tanzania Bara ilikuwa na sheria maalumu ya udhibiti wa kodi za nyumba, ambayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu wakati huo mahusiano ya mwenye nyumba na mpangaji yanaongozwa hasa na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, pamoja na Sheria ya Mikataba. Mambo manne katika sheria hizi yanafaa kujulikana na kila familia.

La kwanza, upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja unaweza kufanywa kwa maandishi au kwa mdomo. Maneno ya mdomo yanafunga, lakini anayeyategemea atapaswa kuyathibitisha, na mdomo hauna nakala.

La pili, watu wanapoahidi kulipa kwa pamoja, mdai anaweza kumdai yeyote kati yao deni lote, isipokuwa kama mkataba umesema vingine. Aliyelipa kwa niaba ya wenzake ana haki ya kuwadai mafungu yao. Basi kijana anayesaini pamoja na wenzake wawili asidhani kwamba dhamana yake inaishia kwenye theluthi. Na yule anayesaini peke yake, mbele ya mwenye nyumba amebeba yote.

La tatu, mwenye nyumba naye ana wajibu. Pale anapokodisha sehemu ya jengo, sheria inamtaka aziweke katika hali nzuri paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wapangaji wote. Mpangaji ana haki ya kuishi kwa utulivu pasipo kuingiliwa maadamu analipa kodi na kutimiza masharti.

La nne, ugomvi una mahali pa kupelekwa. Baraza la Kata husuluhisha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kupatanisha, si kutoa hukumu. Suluhu ikishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Lakini jambo moja halipo. Hakuna leseni maalumu ambayo mwenye nyumba analazimika kuipata kabla ya kuwaweka marafiki watatu au watano katika nyumba moja. Hakuna mkaguzi anayepita kupima chumba, kuhesabu vitanda na kutazama kama dirisha linafunguka. Kazi hiyo imebaki mikononi mwa wapangaji na wazazi wao.

Wenzetu walijifunza kwa msiba

Nchi nyingine zimeweka leseni hiyo, na sababu yake inastahili kusimuliwa. Mwaka 1999, katika jiji la Glasgow huko Scotland, wanafunzi wawili waliokuwa wamepanga pamoja na wenzao walikufa kwa moto katika nyumba iliyo chini ya usawa wa barabara. Madirisha yalikuwa na nondo, na kifaa cha kutoa mlio wa hatari ya moshi hakikuwa na betri. Oktoba 2000 leseni ya nyumba za kushirikiana ikawa ya lazima Scotland nzima. Ilianza na nyumba zenye watu wengi, kisha idadi ikashushwa hatua kwa hatua hadi kufikia watu watatu. Vijana wetu watatu wa mfano, kama wangekuwa Glasgow, nyumba yao isingeruhusiwa kupangishwa pasipo leseni.

Huko England, Sheria ya Nyumba ya 2004 inadai leseni pale watu watano au zaidi, wasio wa kaya moja, wanapochangia choo, bafu au jiko. Halmashauri za baadhi ya miji zimeongeza masharti yao na kuanzia kwa watu watatu. Kwa kawaida leseni hudumu hadi miaka mitano, na anayeomba ni mwenye nyumba au msimamizi wake, si mpangaji. Sheria ya mwaka 2016 iliongeza kwamba mpangaji wa nyumba isiyo na leseni inayotakiwa anaweza kuomba arudishiwe kodi. Wazazi wenye watoto wanaosoma London, Leicester au Birmingham wawaulize jambo hili kabla ya kutuma fedha.

Tangu Oktoba 2018, England imeweka pia kipimo cha chini cha chumba cha kulala katika nyumba hizo: mita za mraba 6.51 kwa mtu mzima mmoja na mita za mraba 10.22 kwa watu wazima wawili. Kwa hesabu ya futi ni takriban futi za mraba 70 kwa mmoja na 110 kwa wawili. Sasa fikiria chumba chetu cha kupanga tunachokiita “kumi kwa kumi”. Eneo lake ni futi za mraba 100. Kwa kipimo hicho kinamfaa mtu mmoja tu. Sisi hukiweka vijana watatu, magodoro mawili, jiko, ndoo na masanduku, kisha tunashangaa kwa nini kikohozi hakitoki humo.

Kuna funzo jingine ndani ya sheria hiyo. Haiwahesabu marafiki kuwa kaya moja. Mume, mke na watoto ni kaya moja. Marafiki watano ni kaya tano zilizo chini ya paa moja. Kwa sikio la mtu wa kwetu maneno hayo yanaweza kuonekana makavu, kwani sisi tukila sinia moja tumekuwa ndugu. Lakini tukitazama vizuri tutaona kwamba dini yetu imeukubali undugu wa moyo bila kuichanganya mali ya mtu na ya mwenzake.

Undugu wa Madina

Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliunganisha udugu baina ya Muhajirina, waliohama kutoka Makka, na Ansari, wenyeji wao. Abdur-Rahman bin Auf aliunganishwa na Saad bin Rabii, na imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Saad alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdur-Rahman alimwombea baraka, akashukuru, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Huo ndio undugu kamili: mmoja yuko tayari kutoa, na mwenzake hataki kuwa mzigo. Kijana anayekula unga wa wenzake mwezi mzima kwa jina la undugu ameshika nusu ya kwanza ya kisa na kuisahau ya pili.

Ama kuhusu maandishi, aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi. Iliteremka kwa watu walioaminiana kuliko tunavyoaminiana sisi. Kwa hiyo anayemwambia rafiki yake “tuandikiane” hajamtuhumu. Amemlinda dhidi ya usahaulifu na dhidi ya wasiwasi wa shetani.

Kupanga nyumba katika fiqhi huitwa ijara. Ili isimame sawasawa, lazima manufaa yajulikane, muda ujulikane na malipo yajulikane. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, ijara hufunga pande zote mbili. Mmoja hawezi kuivunja kwa udhuru wake binafsi kama vile safari. Wanazuoni wa Kihanafi wamempa mwenye udhuru nafasi kubwa zaidi. Tukirudi kwa kijana wetu aliyepata kazi mbali, kwa kauli ya Kishafi hana haki ya kuwalazimisha wenzake wamrudishie shilingi 60,000. Lakini kama wangeandika tangu mwanzo kwamba anayehama atatoa taarifa ya mwezi mmoja na kutafuta mtu wa kuziba nafasi yake atakayekubaliwa na wote, angeondoka kwa amani, na fedha yake ingetoka kwa huyo anayeingia.

Nondo, mkaa na mlango mmoja

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mkataba peke yake hauliponyi. Wilaya ya Ngara iko kwenye vilima, na usiku wa kiangazi baridi yake huuma. Vijana wanaochangia chumba hupika kwa jiko la mkaa, na chakula kikishaiva hushawishika kuliacha jiko ndani lipashe joto, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa pazia zito. Mkaa unaoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hushika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi humchukua. Aliyelala hazioni dalili hizo. Huweza kulala wakiwa watatu na asiamke hata mmoja.

Pamoja na hilo kuna nondo. Tunaziweka madirishani kwa kuogopa wezi, na hofu hiyo ina sababu. Lakini chumba chenye mlango mmoja na dirisha lenye nondo zisizofunguka, moto ukizuka mlangoni, hakina njia. Mkoa wetu wa Kagera hauhitaji kufundishwa uchungu huo. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020 moto uliteketeza bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, na watoto kumi wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira wazazi wao. Bweni na nyumba ya kupanga ni vitu viwili tofauti, lakini swali la kuuliza ni lile lile: waliolala humu watatoka wapi?

Mzazi anayekwenda kumtembelea mwanawe asiridhike na kukaa sebuleni na kunywa chai. Aingie, atazame. Jiko linawekwa wapi usiku? Nondo za dirisha moja zinaweza kufunguliwa kutoka ndani kwa komeo au kufuli ambalo ufunguo wake unajulikana ulipo? Soketi moja imebeba waya ngapi? Ikiwa nondo hazifunguki, mwombeni mwenye nyumba aruhusu fundi wa kuchomelea aweke bawaba kwenye dirisha moja. Gharama ikigawanywa kwa watatu huwa ndogo, na kukubaliana kuikata kwenye kodi si jambo geni.

Sitara ya nyumba

Familia ya Kiislamu haiwezi kuzungumzia kuishi pamoja bila kugusa sitara. Suratun Nur imetufundisha kubisha hodi na kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu, na ndani ya nyumba ikataja nyakati za faragha ambazo hata watoto hawaingii bila ruhusa. Marafiki wanaochangia nyumba wanahitaji adabu hiyo kuliko wengine. Mabinti wanaopanga pamoja waelewane wazi kwamba mgeni wa kiume, hata akiwa kaka wa mmoja wao, ni ajinabi kwa waliobaki. Apokewe mahali na wakati ambapo wote wamejisitiri. Vijana wa kiume nao wakumbuke kwamba katika ua wa wapangaji wengi kuna mke wa mtu na binti wa mtu, na choo na bomba ni vya wote.

Nchi za Ghuba, wanakokwenda baadhi ya vijana wetu kufanya kazi, zimelitia jambo hili katika sheria. Qatar, kwa sheria yake Namba 15 ya 2010, ilikataza makundi ya wafanyakazi kuwekwa katika mitaa ya makazi ya familia. Dubai, Septemba 2022, iliwataka wenye nyumba na wapangaji kuwasajili watu wote wanaoishi nao. Kijana anayeambiwa na wakala kwamba “kitanda kipo, njoo tu” aulize kwanza kama jina lake litasajiliwa. Anayelala mahali asipotambuliwa anaweza kujikuta nje na mizigo yake, na kodi aliyolipa asiione tena.

Hata hapa nyumbani, mpangaji mpya ajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji. Siku ya ugonjwa au msiba, mtu anayejulikana jina lake na kwao hupata wa kumpigia mzazi simu.

Karatasi moja inatosha

Marafiki wanaotaka kupanga pamoja hawahitaji maneno makubwa ya kisheria. Kabla ya kulipa kodi, wakae baada ya swala ya Isha na waandike haya:

1. Majina ya wote wanaoishi humo, na majina hayo hayo yawemo kwenye mkataba wa mwenye nyumba, kila mmoja akiwa na nakala.
2. Kodi yote, fungu la kila mmoja, tarehe ya kulipa na stakabadhi inatunzwa na nani.
3. Anayehama mapema atoe taarifa ya muda gani, nani atatafuta wa kuziba nafasi, na fedha yake itarudi vipi.
4. Umeme, maji, taka na usafi wa choo: zamu na mafungu.
5. Wageni: nani, saa ngapi, na siku ngapi kwa mwezi.
6. Jiko la mkaa halilali ndani, na ufunguo wa dirisha unakaa mahali pamoja panapojulikana na wote.
7. Namba ya simu ya mzazi au mlezi wa kila mmoja, na jina la mzee mmoja watakayempelekea ugomvi kabla ya kwenda barazani.

Wasaini mbele ya mashahidi wawili. Imamu wa msikiti wa karibu anaweza kuwa mmoja wao, na huyo huyo akawa mzee wa kuwasuluhisha. Karatasi hiyo ni ya kuwaongoza wao kwa wao. Ule mkataba wa mwenye nyumba ndio wa kupeleka barazani, na kwa matumizi ya mahakama hupaswa kulipiwa ushuru wa stempu.

Kuna watakaosema kwamba mambo haya yanaondoa utamu wa urafiki. Tuwaombe wakumbuke urafiki wangapi wameuona ukifa kwa sababu ya kodi ya mwezi mmoja, na hawajauona hata mmoja uliokufa kwa sababu ya kuandikiana. Anayeona haya kuandika siku ya kwanza ataona haya zaidi siku ya kudai.

Basi mama wa Keza, gari likiwa bado halijaondoka, usiliache swali lako la kwanza, kwani ni swali jema. Ongeza mengine mawili. Mwulize mwanao: “Jina lako limo kwenye mkataba?” Kisha mwulize: “Na dirisha linafunguka?” Akibabaika, mwambie akifika tu akayashughulikie, na usiku wa kwanza akupigie simu akujibu. Inshaallah utalala usingizi mzuri, naye pia.